Tumeona watatu tu, tumejuaje huyu ndo wa ajabu?

Kuna skrinshoti moja imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Tanga mpaka imechakaa, picha imeshakuwa ya ukungu kwa kufowadiwa ila maandishi mekundu bado yanasomeka: UWEZEKANO WA KITU HIKI KUWA CHA ASILI NI 0.2% TU. Nimetumiwa na watu wanne tofauti, mmoja wao shemeji yangu ambaye kwa kawaida hanitumii kitu zaidi ya tangazo la msiba, na wote wanataka jibu la neno moja, ni chombo cha viumbe wa nje au sio. Kitu chenyewe ni 3I/ATLAS, kile kilichogunduliwa Julai 2025 kikitokea nje kabisa ya mfumo wetu wa Jua. Sasa mimi naona swali limepinda kabla hata hatujafika kwenye jibu. Ile 0.2% haisemi kile watu wanachodhani inasema, na mjadala mzima umeisahau namba ndogo iliyokaa wazi kabisa kwenye jina la kitu chenyewe: 3. Ni cha tatu. Tangu binadamu aanze kutazama juu amewaona wageni wa aina hii watatu tu, na watatu hawatoshi kukwambia mgeni wa kawaida anafananaje, kwa hiyo hawatoshi pia kukwambia yupi si wa kawaida. Na kosa hili sio la wapenda elieni peke yao, hata wanaowacheka wamo humo humo.

Sisi Tanga ndo wenyeji wa ule msemo wa waja leo waondoka leo, ambao kila mtu anajua ni utani maana mgeni wa Tanga haondoki, ila hawa wa angani wanaufuata neno kwa neno. Wa kwanza, 'Oumuamua, alionwa tarehe 19 Oktoba 2017 na darubini ya Pan-STARRS kule Hawaii, siku tano baada ya kutupita kwa karibu, kama kilomita milioni 24 hivi, yani tulimwona kwa mgongo akiwa ameshalizunguka Jua na anaondoka. Hakuwa na mkia, mwanga wake ulikuwa unapanda na kushuka sana kama kitu kirefu kinachobingirika, halafu mwendo wake ulikuwa na msukumo kidogo ambao uvutano wa Jua peke yake hauuelezi. Wa pili, Borisov, aligunduliwa Agosti 2019 na Gennady Borisov kule Crimea kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe, na yeye alikuwa nyota mkia wa wazi kabisa, kometi isiyo na ubishi. Wa tatu ndo huyu, alionwa tarehe 1 Julai 2025 na darubini ya ATLAS iliyoko Chile, akija kwa mwendo wa kilomita 58 hivi kwa sekunde hata kabla Jua halijaanza kumvuta, yani Tanga hadi Dar kwa sekunde sita, basi la asubuhi hapo bado linapakia. Alipita karibu zaidi na Jua mwishoni mwa Oktoba, Desemba 19 akawa karibu yetu zaidi, na huo ukaribu ni kilomita milioni 270. Basi, orodha imeisha hapo.

Tuirudie ile 0.2%, maana haijazushwa, ina hesabu yake. Sayari zetu zinalizunguka Jua karibu zote kwenye bapa moja, kama vile zimewekwa juu ya sinia. Mgeni anayetoka nje hana sababu ya kuheshimu sinia letu, anaweza kuingia kwa juu, kwa chini, kwa ubavuni, popote. 3I/ATLAS imeingia ikiwa imelala karibu kabisa na sinia hilo, wamepishana kwa nyuzi 5 tu, huku yenyewe ikienda kinyume na sayari zinavyozunguka. Ukichukua njia zote zinazowezekana ukazipa nafasi sawa, zile zilizo ndani ya nyuzi 5 kwa upande huo wa kinyume ni kama 0.2% ya zote. Nimeirudia mwenyewe kwa kikokotoo cha simu, iko sawa. Aliyeisemea sana ni Avi Loeb, mwanasayansi wa anga wa Harvard, na tumtendee haki, yeye na wenzake waliandika wazi kwamba linalowezekana zaidi kwa mbali ni kuwa kitu hiki ni cha asili, ila mstari huo haukupata nafasi kwenye skrinshoti. Kilichofanyika pale ni kugeuza sentensi. Hesabu inasema kitu cha asili kuja kwa pembe hii ni nadra. Skrinshoti inasema kitu kilichokuja kwa pembe hii kuwa cha asili ni nadra. Zinafanana kwa masikio lakini ni mambo mawili yasiyojuana kabisa. Mama kujifungua mapacha watatu ni jambo la nadra sana, lakini ukikutana nao hapo Ngamiani wamevaa sare za shule husemi kwamba uwezekano wa watoto hawa kuwa binadamu ni mdogo. Ili ufike huko unahitaji kujua na upande wa pili, vyombo vya elieni vinapita mara ngapi na vinapenda pembe gani, na upande huo hatuna hata sampuli moja.

Halafu kuna jambo la pili, na kwangu hili ndo zito zaidi. Pembe ile imechaguliwa lini? Baada ya kuonekana. 'Oumuamua aliingia kwa nyuzi 123 hivi, Borisov kwa 44, na hakuna mtu aliyekaa kukokotoa uwezekano wa 44 maana 44 haina sura ya ajabu. Borisov angeingia wima kabisa kwa 90 tungepata skrinshoti nyingine. Na pembe ni sifa moja tu, kuna tarehe ya kupita, kuna sayari zipi amezisogelea (huyu alipita kilomita milioni 30 hivi kutoka Mirihi mwanzoni mwa Oktoba, na hilo nalo limehesabiwa kuwa la kutilia shaka), kuna upande aliotokea, ukubwa, rangi, gesi anazotoa, mkia umeelekea wapi, mwendo. Tufanye kuna sifa 20 za kuangalia na kila moja ina nafasi ya 1% ya kutoka ya ajabu kwa bahati tu. Kwa wageni watatu umepiga kura 60. Uwezekano kwamba angalau moja itatoka ya ajabu ni asilimia 45. Karibu nusu kwa nusu, kwa vitu ambavyo havina ajabu yoyote! Ukishaipata hiyo moja ukaisimamisha peke yake na kuipigia hesabu kama vile uliiuliza tangu mwanzo, wewe ni yule mganga anayetabiri mvua huku kanzu yake imeshalowa.

(Na ile habari ya "kimetuma ishara ya redio" naomba tuimalize hapa hapa kwenye mabano. Darubini ya redio ya MeerKAT ya Afrika Kusini iliona alama za haidroksili, yani maji yaliyovunjwavunjwa na mwanga wa Jua, tena kwa njia ya kufyonza mawimbi sio ya kutuma. Hivyo ndivyo kometi inavyotakiwa kuonekana.)

Nilipokuwa namweleza haya jirani yangu mmoja, mzee mvuvi mstaafu kutoka Kigombe, kwenye kahawa, alinisikiliza mpaka mwisho halafu akasema mnajifundisha leo jambo ambalo samaki wetu aliwafundisha wazungu zamani. Nikajua anasema silikanti. Na kweli nimekaa nikalifikiria, sijaona mfano bora kuliko huo na uko hapa hapa mlangoni kwetu. Silikanti alidhaniwa ametoweka duniani pamoja na madinosaria, mpaka Desemba 1938 alipoletwa mmoja na meli ya uvuvi huko East London, Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya pale akamtambua kuwa si wa kawaida. Samaki mmoja tu, na huyo mmoja alitosha kuvunja moja kwa moja kauli ya kwamba hawapo. Hakuhitajika wa pili. Kwa swali la yupo au hayupo, sampuli ya mmoja ni hukumu kamili. Lakini tazama kilichofuata watu walipotaka huyo huyo mmoja awajibu maswali mengine, anaishi wapi, wako wangapi. Wa pili alipatikana mwaka 1952, miaka 14 baadaye, Komoro, ambako wavuvi wenyewe walikuwa wanamjua siku zote na wanamwita gombessa. Wakaanza kupatikana wengi Komoro, basi ikakaa vichwani miaka kwa miaka kwamba Komoro ndo kwao, na yule wa 1938 alikuwa mpotevu tu aliyechukuliwa na mkondo. Ilikuwa nadharia nzuri, ina mantiki, ilikosa kitu kimoja tu, kutazama kwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaonekana Indonesia, upande wa pili kabisa wa bahari. Halafu kuanzia 2003 wakaanza kupatikana Tanzania, na hapa Tanga wakavuliwa kwa wingi ndani ya muda mfupi mpaka ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao mwaka 2009, na vipimo vya vinasaba vikaonesha kwamba wa kwetu ni kundi lenye asili yake, sio wapotevu wa Komoro.

Sasa swali ambalo yule mzee aliniuliza, na anajua jibu kwa mikono yake, ni kwamba je silikanti walihamia Tanga mwaka ule? Hawakuhamia. Kilichobadilika ni jarife. Wavuvi walianza kushusha majarife ya papa kwenye maji marefu, kule kwenye miteremko ya mawe ambako zamani nyavu hazikufika, na silikanti mchana anakaa kwenye mapango ya huko huko. Komoro walikuwa wanawapata kwa mshipi usiku kwenye kina kirefu kwa sababu huo ndo uvuvi wao, sisi tulikuwa hatuwapati kwa sababu huo haukuwa uvuvi wetu. Ramani ya "silikanti wanaishi wapi" kwa miaka hamsini ilikuwa kwa kiasi kikubwa ni ramani ya nani anavua vipi. Hapo ndo unapoielewa habari ya wageni wa angani. Miaka ya nyuma kabla ya 2017 sifuri, halafu ndani ya miaka minane watatu, na tayari kuna klipu inasema "wameanza kuja kwa wingi". Hawajaanza kitu, ni jarife tu. Pan-STARRS ilianza kazi kwenye muongo uliotangulia 2017, ATLAS ilikuwa na darubini mbili Hawaii halafu mwaka 2022 zikaongezwa mbili upande wa kusini, moja Chile na moja Afrika Kusini, na mgeni wa tatu amenaswa na hiyo ya Chile. Na jarife lina matundu yake. Kometi inang'aa kwa sababu ya wingu la vumbi na gesi, inaonekana kutoka mbali, wakati jiwe kavu jeusi la mita mia moja linatakiwa lipite mlangoni kabisa ndo ulione, kama alivyofanya 'Oumuamua, na hata hapo tulimwona ameshapita. Wangapi wa aina yake walipita mbali kidogo tu na hakuna aliyejua?

Kwa hiyo mtu akikwambia theluthi moja ya wageni hawana mkia, mwulize theluthi ya nini. Mmoja kati ya watatu kihesabu inaendana na ukweli wowote kuanzia asilimia 1 hadi asilimia 90 kwa ule uhakika wa kawaida wa 95%. Sijakosea kuandika, moja hadi tisini. Wanaweza kuwa nadra kama mapacha na wanaweza kuwa karibu wote. Na hesabu ya wingi iko hivyo hivyo. Ukiona tukio moja kwenye kipindi fulani, wastani halisi ulioweza kulizaa bila kuleta mshangao unaanzia kama 0.03 hadi 5.6, yani ncha ya juu ni zaidi ya mara 200 ya ncha ya chini. Baada ya 'Oumuamua watu walikadiria idadi ya wageni waliomo ndani ya mfumo wa Jua muda wowote kwa kutumia hiyo moja, na makadirio yakaandikwa kwenye habari kama idadi ya kura za mgombea. Kwa matukio matatu ncha zinakuwa 0.6 na 8.8, pengo limeshuka mpaka mara 14. Ni maendeleo makubwa, ila fikiria karani wa gulio akwambie magunia ya machungwa ya Muheza yaliyoingia leo ni kati ya mia moja na elfu moja mia nne, ungemlipa? Na usisahau zile tarehe. 2017, kisha 2019, mtu angeweza kusema kila miaka miwili, mimi mwenyewe nilisema, tena mbele ya watu, kwamba 2021 tutapata mwingine. Tukakaa karibu miaka sita.

Upande wa pili una hoja, na moja ni nzuri kiasi kwamba ilinisumbua kabla sijaandika hapa. Inasema hivi, sayansi ya anga imejengwa kwa sampuli ndogo, ukikataa chache utakataa nusu ya tunachojua. Mwaka 1987 nyota ililipuka kwenye galaksi ndogo jirani yetu, mtu akisimama Raskazone usiku akatazama kusini angeweza kuiona kwa macho, na siku ile ya Februari 23 mitambo mitatu ya Japani, Marekani na Urusi ya wakati ule ilinasa nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, kama dazeni mbili tu ndani ya sekunde 13 hivi. Dazeni mbili! Na hizo dazeni mbili zimethibitisha jinsi kiini cha nyota kubwa kinavyoporomoka, na hakuna anayezibeza. Au lile wimbi la uvutano, yani mtikisiko wa anga lenyewe, la Septemba 14, 2015, tukio moja, mitambo miwili, na wakapata Nobeli. Kwa nini hapo moja inatosha na hapa tatu hazitoshi? Jibu naliona kwenye mambo mawili. Kwanza, swali liliulizwa kabla. Nadharia ilishasema nyota ikiporomoka itatoa nyutrino, wimbi la mashimo meusi mawili yanayogongana umbo lake lilishachorwa kabla halijaonekana. Pili, walikuwa wanaijua kelele yao. Mitambo ilikaa miezi ikihesabu nyutrino za bahati nasibu, kwa hiyo walijua kwenye sekunde 13 za kawaida huwa wanapata ngapi, na wale wa mawimbi walichukua data za mitambo yao miwili wakazisogeza zisiendane kwa makusudi, tena na tena, wakahesabu bahati inaweza kuzaa ishara kama ile mara ngapi, ikawa chini ya mara moja kwa miaka 203,000. Sasa kwa wageni wetu kelele ni ipi? Mgeni wa kawaida yukoje? Ndo hicho hicho tunachokitafuta. Udogo wa idadi unaweza kuvumilika ukiwa na kitu cha kulinganisha nacho, na hapa hatuna.

Na msifikiri wanaojikwaa hapa ni watu wa magrupu tu. Januari 2016 Konstantin Batygin na Mike Brown, wanasayansi wakubwa wa Caltech, walitangaza dalili za sayari ya tisa kwa kuangalia vitu 6 vya mbali sana ambavyo njia zao zimeelekea upande mmoja, wakasema hilo kutokea kwa bahati ni 0.007% tu. Hiyo ni ndogo mara 28 kuliko ya shemeji yangu. Wengine wakauliza swali la jarife, darubini zilizowapata hao 6 zilikuwa zinatazama wapi, miezi gani, kwa sababu kuna sehemu za anga zimejaa nyota za Njia Nyeupe (Milky Way, galaksi yetu) kiasi kwamba kitu hafifu hukioni. Vikundi vilivyoandika kwa makini wapi walitazama na wapi hawakutazama, walipohesabu upya kwa vitu vyao wakaona mtawanyiko hautofautiani na wa kawaida. Batygin na Brown wakajibu kwa hesabu nyingine, bado wanaona kuna kitu, na inawezekana kabisa wako sawa, ubishi haujaisha na sayari haijaonekana. Ila angalia ubishi wenyewe unavyokwenda. Wanabishana kuhusu walitazama wapi. Huo ndo ubishi wa watu wazima kwenye sampuli ndogo.

Hoja nyingine ya upande wa pili ni kwamba basi hata NASA waliposema Novemba kwamba ni kometi nao wametumia sampuli ya watatu. Hapana, na hapa naomba tutofautishe. Kusema huyu ni kometi hakuhitaji kuhesabu wageni. Gesi yake imepimwa moja kwa moja, wingu lake limepigwa picha na Hubble, darubini ya James Webb imeona kaboni dayoksaidi nyingi kupita kiasi ukilinganisha na maji, na tuna makometi ya kwetu kwa maelfu ya kulinganisha naye. Ni kama daktari kupima damu ya mgonjwa mmoja, hahitaji kijiji kizima ili amwambie ana malaria. Lakini daktari huyo huyo akitoka nje akasema kijiji hiki theluthi mbili wana malaria kwa sababu kati ya watatu waliokuja wawili wanayo, hapo tumkamate shati, maana waliokuja hospitali ndo waliokuwa wanaumwa. Na hapa ndo nawageukia wacheshi wa upande wetu, wale wanaoandika "wageni wote ni makometi tu, tulieni". Wote wapi? Na hata ile kaboni dayoksaidi, kuna walioandika kwamba ni ya ajabu sana kwa mgeni. Kwa mgeni yupi mwingine? Mwenzake aliyepimwa gesi vizuri ni Borisov peke yake, na huyo alikuwa na kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu ya jiko la mkaa, kwa wingi kuliko makometi mengi ya kwetu. Wawili, kila mmoja na vituko vyake, na wewe umeshajua nani kavuka mpaka.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndo inayopendwa zaidi kwenye komenti, inasema kama watatu hawatoshi basi hakuna anayejua, na kama hakuna anayejua basi elieni ni maoni kama maoni mengine. Hii inachanganya kutojua kiasi na kutojua kabisa. Sijui bamvua la mwezi ujao litapanda mpaka jiwe gani pale ufukweni, ila najua litakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na najua halitafika Korogwe. Ukingo mpana bado ni ukingo. Kati ya mara 0.6 na 8.8 kuna nafasi kubwa ya kubishana, ila elfu moja haimo humo, na chombo cha chuma kilichojifunika barafu na kutoa gesi zile zile za kometi kinaweza kusemwa ila kimeingia kwenye foleni nyuma ya maelezo ambayo tayari tuna mfano wake wa maelfu. Loeb ana jambo moja ambalo nakubaliana naye kabisa, kwamba kitu cha ajabu kisipuuzwe, kitazamwe zaidi. Kitazamwe ndiyo. Kutazama hakuhitaji hukumu mfukoni.

Kuna mkasa mwingine wa darubini hiyo hiyo ya Chile ambao uliwachanganya watu kwa namna tofauti kidogo. Desemba 27, 2024 iligundua jiwe linaloitwa 2024 YR4, la mita 60 hivi, na ikaonekana kuna uwezekano likaigonga Dunia Desemba 2032. Uwezekano ukawa unapanda, 1%, 2%, mpaka 3.1% tarehe 18 Februari 2025, na ukanda wa hatari ulikuwa unapita Afrika, halafu ndani ya siku chache ukaporomoka karibu na sifuri. Watu wakasema wamedanganya au wamefichwa kitu. Hakuna aliyedanganya. Unapokuwa na vipimo vya siku chache tu kati ya safari ya miaka, eneo ambalo jiwe linaweza kupita ni pana mno, na Dunia ni nukta ndani yake. Vipimo vikiongezeka eneo linabana, na kwa kuwa nukta bado iko ndani sehemu yake inakua, yani namba inapanda huku hatari yenyewe haijabadilika hata kidogo. Ni kama mashua imepotea na boti za kutafuta zimeshafuta nusu ya bahari, kila eneo lililobaki linakuwa na uwezekano mkubwa zaidi kuliko jana, mpaka wakute mashua iko Pemba imekaa zake. Kupanda kwake hakukuwa dalili ya kuja, kulikuwa dalili ya kuhesabu.

Kinachokuja ni darubini ya Vera Rubin, iko Cerro Pachón huko huko Chile, ilitoa picha zake za kwanza Juni 2025 na kazi yake ni kupiga picha anga lote la kusini tena na tena kwa miaka kumi. Inatarajiwa kuongeza wageni, wangapi hakuna anayejua kwa uhakika na sababu nimeshazieleza. Tukifika kumi zile ncha zinakuwa 4.8 na 18.4, pengo chini ya mara nne, na hapo ndo mtu ataweza kusema huyu kaja na pembe ya ajabu na tukamsikiliza, mradi tu sifa za kuangalia ziwe zimeandikwa kabla. Kwa watangazaji na waandishi wetu hii ina maana ndogo ya vitendo, kwamba kabla ya kurusha asilimia yoyote ya habari hizi waulize mambo mawili, kati ya vingapi, na swali liliandikwa lini. Halichukui hata dakika. Kwa walimu wa fizikia na hesabu wa huku kwetu ndo naona kuna utajiri, maana mwanafunzi anaweza kufundishwa haya yote kwa silikanti bila hata darubini.

Mimi nimeanza na daftari. Wiki iliyopita kwenye kahawa tumeandika utabiri wa mgeni wa nne, nimeweka tarehe na tumetia saini. Nimeandika atakuwa na mkia, na pembe yake na sinia itakuwa zaidi ya nyuzi 5. Yule mzee wa Kigombe akaniuliza hiyo darubini mpya inatazama upande gani. Nikamwambia kusini. Akamalizia kashata yake, akafuta vidole, akasema basi andika wa nne ataonekana kusini.